Ile Damu Yako Nilibeba Mufukoni

Mama Faida,

Niko na miaka sabini na sita, na vitu yenye nimezidi kuishi ni mingi kupita vidole yangu na yako. Nimezidi wazee wote wenye tulilima nao kilima ya juu ya Bihambwe. Nimezidi ng'ombe tano, mbwa nane, wapasteri watatu, na daraja moja ya chuma yenye wakubwa walisema itadumu hadi wajukuu ya wajukuu. Nimezidi vita zenye sijui tena hesabu. Kila mara tulikimbia na maharagi kichwani, na kila mara miye njo nilirudi wa kwanza kushika jembe. Watu wa hapa wanasema kifo inaniogopa. Miye naona inanipitia tu ju inajua nitabishana nayo hadi ichoke.

Lakini na weye nimekuzidi kuishi, na nilikutangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na moja. Hiyo sikuomba. Hiyo sijisifu nayo.

Barua hii naandika kwa mukono yangu. Unajua nilisoma mupaka mwaka ya tatu, lakini mwaka ya tatu ya wakati wetu inashinda diplome ya leo. Faida alitaka kushika biki aniandikie, nikamukatalia. Kuna maneno haiwezi kupita kwa mukono ya mutoto. Leo ni siku ya ine niko naandika, na vidole inauma kuliko kulima.

Nianze na habari ya nyumba. Bati ya upande ya jikoni nimeipigilia misumari, haivuje tena. Kuku yako ya mabaka imekufa, sikuila, niliizika, usiambie muntu. Bugali ninapika mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa maji, ya pili ilikuwa jiwe, sasa iko bugali ya muntu, hata majirani wanaweza kula kama hawajui nani amepika. Kibuyu yako ya mashanza, ile maziwa ya kuganda, bado imetundikwa kwa ukuta. Iko kavu. Sijaigusa.

Sasa jambo yenyewe. Faida iko hapa.

Alitoka Pinga kwa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, siku mbili njiani na mimba ya miezi saba, ju bwana yake iko anachimba madini kwa mashimo ya Rubaya na hakuna mwenye angemuangalia kule. Aliposhuka kwa moto niliangalia uso yake kwanza, nikafurahi. Kisha nikaangalia miguu. Mama Faida, ile miguu naifahamu. Ukiisukuma na kidole, shimo inabaki. Ni miguu yako ya mwisho, yenye uliniambia ni uchovu ya shamba.

Tulimupeleka kwa kituo cha afya. Muganga alimugusa, akapima presha, akasema: wamuchote damu, waitume kwa hospitali kubwa, wajue mafigo iko namna gani. Nikasimama. Nikasema mbele ya wote: "Damu ya nyumba yangu haitaingia tena mu ile laboratwari." Nikamushika Faida mukono, tukarudi.

Alitembea nyuma yangu. Tulipofika kwa mulango njo aliniuliza, polepole, na sauti yako kabisa: "Papa, unangoja nikufe kwanza njo ukubali?"

Niliingia ndani, nikatoa ile karatasi.

Unaikumbuka faktire yako, ile karatasi ya malipo? Hapana, haukuiona, ulikuwa umelala. Niliichunga mu mufuko ya plastike, chini ya godoro, hii mwaka moja na zaidi. Kila mugeni mwenye aliingia nilimusomea. Wageni wengine waliisikia mara tatu. Ni karatasi ya kituo cha afya, na kila kazi yenye wanafanya iko na kode yake, herufi na namba, ili wasiandike maneno murefu. L 12 ni kuchota damu. L 14 ni kutayarisha damu. Na kwako wameandika hivi: L 12, L 14. Kisha chini: L 12, L 14 tena. Muntu mumoja, mugonjwa moja, wiki moja, na wanalipisha damu mara mbili! Niliwauliza wageni: "Ile ya kwanza ilienda wapi?" Hakuna mwenye alijua. Miye nilijua. Waliiuza, ao waliichanganya na ya muntu mwengine, ao waliitupa na wakaandika tu. Hivi njo nilisema sokoni, na kwa mulango ya kanisa, na kwa kila muntu mwenye aliniuliza bibi yangu alikufa na nini.

Nikueleze ile siku vizuri, ju weye ulikuwa kwa kitanda na haukuona.

Walikuchota asubuhi, kwa kile kile kituo cha afya. Laboranti alikuwa Bahati, ule mwembamba mwenye anatembea na kalamu kwa sikio. Nilienda kwa kesi, dirisha yenye wanapokelea falanga, kulipa. Mama Zawadi wa kesi akanisomea: hii ya kuchota, hii ya kutayarisha. Nikamuambia: "Kutayarisha? Damu ni majani ya sombe?" Watu wa mustari wakacheka. Na yeye haache muntu bila jibu, akasema: "Papa Faida, na sombe yenyewe, wakikupatia bila kutwanga, utakula?" Wakacheka zaidi, na sasa walikuwa wananicheka miye. Nililipa, lakini ilinikaa kwa roho. Nikajisemea: hii kazi ya kutayarisha yenye nimelipa, nitaiona kwa macho yangu.

Nikaenda kusimama kwa dirisha ya laboratwari. Na nikaona nini? Kale kachupa ka damu yako, wenyewe wanakaita tibe, kamesimamishwa mu kibao yenye matundu, pamoja na tibe za watu wengine sita. Haikuwa na muntu. Hakuna mwenye alikuwa anaigusa. Nilingoja. Nikangoja tena. Nikamuita Bahati: "Kaka, damu ya bibi yangu inafanya nini pale?"

"Inapumzika, Papa."

"Nimelipa ipumzike?"

Akaanza kunieleza mambo ya nusu saa, ya mashine ya kuzungusha, ya glasiere ya barafu, ya moto ya mangaribi ya kuzipeleka hospitali kubwa. Sikusikiliza. Macho yangu ilikuwa kwa zile tibe saba, zote rangi moja, zimepangwa moja kwa moja. Weye unajua nilibeba mizigo ya watu miaka makumi tatu. Kutoka Rubaya kushuka, kutoka Pinga kupanda, mugongo hii haikuwahi kuharibu hata yai. Na nini iliniwezesha? Kanuni moja: muzigo ya muntu hauishushe mahali ya mizigo ingine. Wenzangu walipumzika wote pamoja kwa kituo, wakaweka magunia kando kando, wakarudi kuibeba na muntu amebadilishiwa, ndani iko mawe ao udongo. Miye nilipumzika nimesimama, muzigo kwa mugongo. Walinicheka. Lakini hakuna tajiri mwenye aliwahi kunirudisha na kusema muzigo imebadilika. Hata mumoja.

Basi niliona hatari. Kisha wakamuita Bahati kwa upande ya kuzalisha, akaenda mbio. Mulango ikabaki wazi.

Niliingia, nikasoma jina yako kwa ile karatasi ndogo yenye wamebandika. Hiyo mwaka ya tatu ilinifaa. Nikakatoa mu kibao, nikachukua na fishi yake, karatasi ya kuituma, kwa meza, nikakatia mu mufuko ya shati, chini ya mupira, ile sweta yangu, karibu na mwili, isipate baridi. Nikatoka. Nikamuita Shukuru mwenye moto, nikamuambia hospitali kubwa, haraka, na usiniulize.

Unajua ile barabara. Ilikuwa imenyesha. Moto ilikuwa inaruka kama mbuzi, na kila ikiruka nilishika kifua na mukono. Kwa bariere ya kwanza mwenye bunduki aliniuliza: "Muzee, unaficha nini hapo?" Nikamuambia: "Bibi yangu." Akacheka, akainua kamba. Bariere tatu tulipita hivyo. Sikukashusha hata tulipoanguka mu matope. Nilianguka kwa mugongo makusudi, miguu juu, mukono kwa kifua. Shukuru alisema hajaona muzee anaanguka vizuri vile.

Nilijisifu sana, Mama Faida. Nilifika kule natembea kama mwenye ameshinda kesi.

Mama mumoja wa laboratwari akakapokea, akakainua kwa mwangaza ya dirisha. Uso yake ikabadilika. "Muzee, nani amekutuma na hii?" Nikasema: "Nimejituma." Akaandika kode kwa fishi, R 3, akanirudishia. "Hii imeharibika. Rudi, wachote ingine, na safari hii waitayarishe."

Imeharibika! Damu yenye nilibeba miye! Nilimuambia maneno yenye sitaandika hapa. Niliona kila kitu wazi: Bahati na yeye wamepatana, wanalipisha kwa chini, wanakataa kwa juu, wanalipisha tena kwa chini. Nilirudi na hasira hadi roho yangu ilitaka kuungua. Nikamuita Bahati mwizi mbele ya wagonjwa wote. Siku yenyewe ikaisha hivyo, mu makelele yangu.

Kesho yake wakakuchota tena. Mishipa yako ilikuwa imekimbia, walitafuta mara tatu. Weye haukuangalia sindano, uliniangalia miye. Ukasema: "Papa Faida, waache wafanye." Nilifikiri ni homa inasema.

Siku ya ine jibu ikashuka na moto ya hospitali. Ilisema mafigo. Ilisema na dawa ya kuanza. Weye ulikuwa umetuacha tangu asubuhi.

Njo ile karatasi niliitoa chini ya godoro kisha Faida kuniuliza. Niliisoma yote, nikamuambia: "Vaa viatu. Tutaenda. Lakini nitaenda na hii, na leo wataniambia ya kwanza ilienda wapi." Sikuwa naenda kukubali. Nilikuwa naenda kuwapatisha haya mbele ya watu, nisikudanganye.

Kwa kesi kulikuwa mustari murefu. Ilinifurahisha, nilitaka mashahidi. Nikaitandika karatasi mbele ya Mama Zawadi, nikapiga kidole: "Hapa na hapa. Eleza." Nilifikiri atatetemeka. Akavaa miwani, akasoma, akaniangalia, akasema: "Papa, hii karatasi umeisoma upande moja. Haukuigeuza?"

Mama Faida, mwaka moja na zaidi. Sikuigeuza. Niliona mugongo yake iko na maandishi ya penseli, nikafikiri ni ya wenyewe.

Akageuza. Akaanza kusoma kwa sauti, na nilikuwa nimeitaka mwenyewe, ile sauti. "L 12, imechotwa. L 14 ya kwanza, haikufanyika: tibe imeondolewa na famiye mbele ya kutayarishwa. R 3, hospitali imekataa: damu imevunjika kwa kutikiswa. L 12 ya pili, imechotwa. L 14 ya pili, imefanyika. Falanga ya L 14 ya kwanza, irudishwe kwa famiye." Kisha akasema chini: "Hiyo falanga iko mu bahasha mu sanduku hii tangu ile wakati, Papa. Tulikuita mara mbili. Ulitutukana."

Watu wa mustari hawakucheka safari hii. Ingekuwa afazali wacheke.

Lakini unanijua. Nilisema: "Penseli muntu anaweza kuandika hata jana." Nilisema: "Damu haivunjike, si chungu." Nilisema mingi. Bahati alikuwa ametoka kwa mulango yake, kalamu kwa sikio, ananisikiliza. Amezeeka kidogo. Mama Zawadi alinieleza kisha, sokoni wanamuita "muuza damu", na wamama wengine wa juu ya kilima wanakataa kuchotwa akiwa yeye. Hiyo jina nani alimupatia? Jibu sikuitafuta mbali.

Nikamuambia: "Kaka, unaniona mujinga. Basi nionyeshe. Usinieleze, nionyeshe. Na usichukue damu ya mutoto yangu kwa kunifundisha. Chukua yangu."

Akasema: "Kaa, Papa."

Alinichota tibe mbili. Sikufunga macho, andika hiyo. Moja akaisimamisha mu kibao. Ya pili akanipatia mu mukono: "Ibebe vile ulibeba ile." Nikaitia mu mufuko ya shati, chini ya mupira. Shukuru alikuwa inje anangoja wateja, nikapanda, nikamuambia anipeleke hadi karibu ya bariere na kunirudisha, kwa mwendo ya ile siku. Akasema: "Tuanguke pia?" Nikamuambia hiyo anisamehe, mugongo haiko tena ya ile mwaka.

Njia yote nilikuwa namuwazia Bahati. Nilijisemea: sasa hivi anaweka kitu mu ile yenye imebaki. Nilikuwa nimemuacha Faida akae mulangoni amuchunge. Ndiyo, hata hapo. Nakuandikia kweli.

Tulirudi. Faida akasema: "Papa, hakuigusa. Imekaa tu." Bahati akaweka zote mbili mu mashine, moja huku, moja kule, zilingane uzito. Mashine ikalia kama ya kusaga muhogo. Ikanyamaza. Akazitoa, akazisimamisha mbele ya dirisha.

Ya kibao ilikuwa imejigawa. Chini, damu nzito imetulia. Juu, maji ya manjano, safi, unaweza kuona kidole upande ya pili. Ya mufuko yangu ilikuwa nyekundu juu na chini, kama maji yenye umechemshia maharagi. Hakuna manjano. Hakuna kitu cha kusoma mule.

"Hii maji ya juu njo tunatuma," Bahati akasema. "Njo wanasoma mafigo ndani yake. Ikitikiswa mbele ya kutulia, haina tena kitu ya kutuambia."

Na pale, mbele ya watu, nilikusikia. Sisemi nilisikia muzimu, miye ni mukristo. Nilikusikia vile muntu anasikia mahali amezoea. Ni kibuyu ya mashanza. Unaweka maziwa, unaifunga, unaitundika, na miye napita kila saa kuishika nione kama imefika. Na weye, umeinamia maharagi yako unachagua mawe, bila kuinua kichwa: "Papa Faida, usiitikise. Acha itulie." Miaka makumi ine na tano ulinisemea ile neno. Na ukifungua, juu kulikuwa ile maji ya manjano, safi, uliimwaga mu kikombe na kumupatia mutoto.

Nilikaa kwa benchi.

Kisha nikamuuliza Bahati ile yenye nilikuwa naogopa. Nikamuuliza: kama singeibeba. Alifuta mikono kwa blouse yake nyeupe ya kazi. "Papa, sitakudanganya. Mafigo yake ilikuwa imechoka tangu zamani. Siku moja inaweza kuwa kitu, inaweza kuwa bure. Hakuna mwenye anajua." Nilimuangalia macho, nione kama ananihurumia kwa uongo. Bado namuangalia. Sijajua. Sitajua, na hiyo nitaenda nayo hadi kwako. Weye utaniambia. Lakini usiniambie haraka tukionana, nipatie kwanza kitu ya kukalia.

Nilirudi kwa kesi. Mama Zawadi alikuwa amekwisha kufunga kitabu yake, akasema zile tibe zangu mbili hazina faktire, ni za kuonyesha tu. Nikamuambia: "Andika. L 12 mara mbili. L 14 mara moja, ju ya pili sikuipatia nafasi. Na uandike ile R 3." Akasema R 3 hailipwe. Nikasema: "Hata. Iandike, na jina yangu kando." Aliandika. Nikalipa na ile ile bahasha yako yenye ilikuwa mu sanduku yake, na yenye ilipunguka nikatoa mu mufuko. Kisha nikamusukuma Faida mbele: "Sasa mutoto."

Walimuchota Faida. Bahati akaisimamisha mu kibao, na za watu wengine, kando kando. Mama Faida, ile nusu saa! Nimepita bariere, nimepita mito imejaa, sijawahi kuona nusu saa ngumu vile. Kulikuwa tibe ine, zote rangi moja. Niliwazia: na kama wakibadilisha? Nilisoma jina ya Faida kwa karatasi kutoka kwa benchi, nikaisoma tena, nikaisoma hadi macho ikatoa machozi. Bahati akaniambia: "Papa, unaweza kuenda kunywa chai." Nikamuambia: "Wee fanya kazi yako, miye nafanya yangu." Lakini sikuinuka. Nilikaa.

Jibu ilishuka siku ya pili. Mafigo ya Faida inaanza kuchoka, haijachoka. Wamemupatia dawa, wamemukataza chumvi, kila wiki anarudi kupimwa. Muguu ya kushoto imeanza kuonekana tena na mifupa yake. Mutoto anapiga teke ndani, kwa nguvu, ni wa upande yangu. Kama ni musichana atachukua jina yako. Kama ni muvulana nimesema achukue yangu, Faida hajakubali, nitamungoja.

Sijawa muntu mwengine, usifikiri. Bado nahesabu tibe nikiingia mule. Bado nageuza kila karatasi, sasa pande mbili. Juzi nimepata kosa ya tarehe kwa faktire ya Faida, Mama Zawadi amerekebisha, na ameniomba radhi mbele ya watu, na nimefurahi sana. Kuwaangalia nitawaangalia hadi mwisho. Lakini nimejifunza kuangalia na mikono ikiwa chini.

Nikuagie sasa, ju wino ya biki inaisha, na kiuno pia. Kwaheri, bibi yangu. Lala pale kwa migomba, nimepalilia pande zote, hakuna majani. Na ahadi yangu ni hii. Wote wenye niliwasomea ile karatasi kwa uso yake, nitawatafuta mumoja mumoja, hapa na juu ya kilima na kwa mulango ya kanisa, na nitawasomea mugongo yake. Nitaanza na wale wamama wenye wanakataa kuchotwa. Jina ya Bahati nimeichafua miye, nitaiosha miye, hata kama mudomo itakuwa inauma. Na mashanza nitajaribu kuweka mwenyewe mu kibuyu yako, na sitaishika hadi siku yake.

Mwenye atasema muzee anadanganya, amuulize Shukuru mwenye moto, alinibeba mara zote mbili. Amuulize Mama Zawadi wa kesi, iko na R 3 yangu mu kitabu yake, na jina kando. Amuulize Bahati, kama Bahati atataka kunitetea, akikataa, sitamulaumu. Na kama hao hawatoshi, amuulize Faida. Alikaa kando yangu kwa ile benchi nusu saa nzima, na alikuwa anaangalia mikono yangu, ju na yeye ananijua. Atawaambia zilikuwa wapi. Zilikuwa kwa magoti, zote mbili.